Mafuta ya Zeituni na Mafuta Yetu ya Alizeti

Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Chang'ombe, Dodoma



 Habari za hisa, mikopo na faida zimo katika risala ya Katibu na taarifa ya Mweka Hazina, na zote mbili zimechapwa katika kurasa za mbele za kijitabu hiki, kwa hiyo hatutazirudia. Kamati ya sherehe imetutaka sisi tuzungumzie mafuta ya kula. Wageni mnaweza kushangaa: sherehe ya kuweka na kukopa, mafuta yametoka wapi? Yametoka ndani ya sanduku letu lenye kufuli tatu, na tutaeleza.

Mwaka 2023 mwenzetu mmoja alisimama kikaoni akaomba mkopo wa dharura. Ametupa ruhusa tulisimulie jambo hili bila kumtaja. Yeye na mzee wake wamo humu ndani, na hatutawaonyesha kidole. Desturi yetu ni kwamba anayeomba mkopo wa dharura anaieleza shida yake mbele ya wote: msiba, ugonjwa, mtoto kurudishwa nyumbani kwa ajili ya sare. Huyu akasema anataka fedha za kununulia mafuta ya zeituni. Mzee wake ana presha ya miaka mingi, na kuna mtu alimwambia kwamba mafuta hayo, yale ya bei kali yanayokaa kwenye chupa nyeusi, ndiyo yanayosafisha mishipa ya moyo. Eti akinywa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni hahitaji tena kitu kingine. Chupa ile haimalizi mwezi, kwa hiyo alikuwa anaomba fedha za chupa tatu.

Tulipomwuliza vidonge vya mzee vikoje, akanyamaza. Kumbe mzee alikwishaviacha. Ilikuwa wiki ya tatu anasubiri mafuta.

Jamani, kikao kilichafuka siku ile. Wako waliosema apewe, fedha ni zake na hisa zake zinatosha. Wako waliosema huo ni ulaghai wa wenye maduka. Halafu mama mmoja wa kule nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka siku ya kugawana, akauliza: "Hivi kama hayo ya zeituni ndiyo dawa, haya ya alizeti tunayowapikia watoto ni nini, sumu?" Hakuna aliyemjibu. Tulichofanya ni kuusimamisha mkopo kwanza, na kesho yake asubuhi wanachama wawili wakamsindikiza mzee kwenda kurudishwa kwenye vidonge vyake. Baada ya hapo tukamwita afisa lishe, naye akaja vikao vitatu. Haya tunayoyasema leo tumeyapata kwake, pamoja na yale tunayoyajua wenyewe kwa kupika na kukamua.

Tuanze na zeituni yenyewe, kwani inastahili haki yake.

Mzeituni ni mti wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania: Hispania, Italia, Ugiriki, Uturuki, Tunisia, Palestina. Hispania ndiyo inayotoa mafuta mengi kuliko zote. Sisi mti huu tumeujua kwa dini kabla ya kuujua kwa sufuria. Waislamu wanausoma katika Kurani, Wakristo katika Biblia, na yako makanisa yanayowapaka wagonjwa mafuta yake. Wengi wetu tulidhani mafuta yanatoka kwenye kokwa, kama ilivyo mbegu ya alizeti. Sivyo. Yanatoka hasa kwenye nyama ya tunda. Tunda linachumwa, linasagwa lote pamoja na kokwa lake, rojo lile linakorogwa taratibu, kisha mafuta yanatenganishwa na maji. Basi. Hakuna dawa inayotiwa wala moto mkali. Yaliyo bora kabisa, yasiyo na kasoro yoyote ya ladha na ambayo asidi yake haizidi gramu 0.8 katika kila gramu 100, huandikwa kwenye chupa maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni mafuta bikira ya daraja la juu. Mlicheka kikaoni, na leo mmecheka tena! Ubikira wake ni huo tu, kwamba yametoka kwenye tunda bila kuchezewa.

Ili tusizungumze habari ya kitu tusichokionja, tulichanga tukanunua chupa moja ndogo. Fedha ile ingetosha lita kadhaa za alizeti, na Mweka Hazina aliitoa huku ameshika tama. Rangi yake ni kijani inayoelekea manjano. Harufu yake ni ya majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi. Ukiyaweka ulimini unasikia uchungu kidogo, kama wa mnavu. Ukimeza, yanawasha kooni. Tulikohoa mmoja baada ya mwingine, na mwenzetu mmoja akasema tumetapeliwa, mafuta yameharibika.

La hasha. Uchungu ule na mwasho ule ndiyo dalili ya mafuta mazuri ambayo bado ni mapya. Vitu vinavyouleta ni miongoni mwa vile vinavyoyalinda mafuta yasiharibike haraka. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba kile kinachowasha koo kinafanya kazi inayofanana na ya dawa ya maumivu tuliyoizoea, ibuprofeni, ingawa kilichomo ndani ya kijiko ni kidogo mno, hakiwezi kumtuliza mtu kichwa. Mafuta ya zeituni yaliyosafishwa kiwandani hayawashi na hayana uchungu, na mengi ya faida hizo yamekwisha kuondolewa. Kwa hiyo ndugu zetu mnaoishi na mabosi waliohamia Dodoma tangu Serikali ilipotangaza kuhama mwaka 2016, mkiona jikoni chupa ya zeituni isiyonukia kitu, jueni hiyo ni jamaa ya mbali.

Sasa habari ya moyo. Hispania walifanya uchunguzi mkubwa. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2013, na hesabu zake zikarekebishwa na kutolewa upya mwaka 2018. Walichukua watu zaidi ya 7,400 waliokuwa katika hatari ya kupata ugonjwa wa moyo, wakawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza walikula kama watu wa Mediterania wanavyokula, yaani mboga nyingi, matunda, maharage na samaki, pamoja na mafuta mengi ya zeituni bikira. Fungu la pili walikula vivyo hivyo, lakini badala ya kupewa mafuta walipewa lozi na jamii yake. Fungu la tatu waliambiwa wapunguze mafuta tu. Baada ya miaka kama mitano hivi, mafungu mawili ya kwanza walipata kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo vya magonjwa hayo pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko fungu la tatu.

Asilimia 30 si kitu cha kudharau. Aliyemwambia mwenzetu kwamba zeituni inasaidia moyo hakusema uongo. Lakini tulipomaliza kushangilia, afisa lishe alituuliza: na wale wa lozi mnawasemaje? Hawakuongezewa mafuta ya zeituni, mbona nao walinusurika karibu sawasawa na wa zeituni? Hapo ndipo tulipofumbuka. Watu wale hawakunywa kijiko cha mafuta kama dawa ya kifua. Walibadilisha sahani nzima. Mafuta yaliingia juu ya mboga na maharage, mahali pa siagi na nyama ya mafuta. Aidha hakuna aliyeambiwa aache vidonge vyake.

Kabla hatujaiacha zeituni, liko swali ambalo huulizwa kila tunapoieleza: kwa kuwa Dodoma tunalima zabibu, na zabibu na zeituni ni majirani kule kwao, kwa nini tusipande? Mzeituni unahitaji miezi ya baridi kali kidogo ndipo utoe maua, na sisi baridi yetu ya Juni na Julai ni ya sweta tu, haifiki huko. Uko mzeituni wa mwituni katika milima ya Kaskazini, Wamasai hutumia mti wake kufukizia vibuyu vya maziwa, lakini tunda lake ni dogo, nyama haba. Kwa hiyo tuitazame shamba tuliyonayo.

Nchi hii ya Dodoma na habari ya mafuta ya kula ni za siku nyingi. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 Waingereza walipungukiwa sana mafuta ya kupikia kwao. Mwaka 1947 wakaja hapa jirani, Kongwa, kulima karanga za kukamua. Walikuja na matingatinga, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mvua ikawa haba, udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa kama saruji, karanga zikakataa kung'oka. Wakajaribu na alizeti pale pale, nayo ukame ukaipiga. Mwaka 1951 waliacha, wamekwisha kutumia pauni milioni 36 hivi. Kwa maoni yetu walikuwa na kila kitu isipokuwa sikio la kumsikiliza Mgogo mwenye jembe lake. Leo wakulima wadogo wa Kongwa hiyo hiyo wanavuna alizeti na karanga, na baadhi yao ni kaka na dada zetu.

Lakini kulima ni jambo moja, kukamua ni jingine. Zamani mkulima aliuza mbegu, akarudi dukani kununua mafuta. Miaka ya 1980 mhandisi wa Kimarekani, Carl Bielenberg, alitengeneza kule Arusha mashine ya kukamulia kwa mkono, yenye mti mrefu unaopandishwa na kushushwa. Wako wanawake humu walioshika mti ule wakiwa wasichana na mabega yao yanakumbuka. Baadaye zikaja mashine za injini na za umeme zenye parafujo inayozunguka, ndizo tunazozijua sasa. Mbegu inapepetwa, inaanikwa ipate joto, inamiminwa. Upande huu yanatoka mafuta, upande ule yanatoka mashudu. Kwa kilo 100 za mbegu tunapata mafuta kati ya kilo 20 na 30, ikitegemea mbegu na mashine. Mafuta yanaachwa yatulie siku kadhaa, machicha yazame, yanachujwa kwa kitambaa safi.

Sasa tazameni. Mbegu imekamuliwa, mafuta yametulia, yamechujwa. Hakuna dawa. Je, huo si ubikira? Tofauti ni kwamba wenzetu wa zeituni wameuandikia sheria, wameuwekea vipimo na watu wa kuonja, wakautangaza dunia nzima. Sisi tumeutia kwenye chupa ya maji iliyookotwa, tukaisimamisha juani kando ya barabara ya Singida.

Na ladha yake? Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa vizuri yananukia mbegu iliyokaangwa, na utamu kwa mbali kama wa karanga. Hayawashi koo. Yaweke kwenye mlenda wa kusaga dakika moja kabla ya kuuepua, ule na ugali wa uwele, halafu uje utuambie kama umekumbuka Hispania. Kwenye majani ya kunde yanafaa, kwenye maharage yanafaa. Kwenye kachumbari ndiyo wengi hatujazoea kuyatia, lakini jaribuni: kitunguu, nyanya, chumvi kidogo, ndimu, kijiko kimoja cha alizeti mbichi.

Faida zake mwilini tuzitaje kwa ukweli wake, bila kuongeza chumvi. Kwanza, si sumu hata kidogo. Mafuta mazito, ya ile jamii inayoganda, katika alizeti ni kama sehemu 11 katika 100, wakati zeituni ina kama 14, na mafuta ya mawese yanakaribia 50. Vitamini E ya alizeti ni nyingi, kama miligramu 40 katika gramu 100, karibu mara tatu ya zeituni. Sehemu kubwa ya alizeti yetu ni mafuta ya omega 6, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na yakichukua nafasi ya mafuta yanayoganda hupunguza kolesteroli mbaya katika damu. Zeituni inaizidi alizeti kwa vile vitu vya uchungu tulivyovitaja, na kwa kuvumilia moto na kukaa muda mrefu. Si mafuta mamoja, tusidanganyane. Lakini hata mama asiye na uwezo wa chupa ile ghali, sufuria yake haina aibu.

Pili, mboga za majani zina kitu kinachogeuka vitamini A mwilini, lakini mwili hauwezi kukichukua vizuri bila mafuta kidogo. Mtoto anayekula mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu anapoteza sehemu ya mchicha ule. Kijiko kimoja kinatosha. Ila tusije tukadhani kwamba kwa kuwa alizeti ni ya njano basi nayo ina vitamini A. Haina ya kutegemewa. Yenye asili hiyo ni mawese mekundu, kama ya ndugu zetu wa Kigoma. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 zilivitaka viwanda viongeze vitamini A katika mafuta ya kula.

Tatu, na hili halipendwi: kijiko cha chakula cha mafuta yoyote, ya zeituni au ya alizeti, kina kalori kama 120. Ubikira hauondoi unene. Miaka kumi iliyopita benchi moja la ukumbi huu lilitutosha watu sita.

Tufike sasa kwa wenzetu wa chipsi, maandazi na samaki, ambao ndio uti wa mgongo wa kikundi hiki. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa hayafai kwa karai la chipsi. Yanatoa moshi mapema, yanapanda povu, na mabaki ya machicha yanaungua na kuleta uchungu. Yaliyosafishwa yanavumilia zaidi. Lakini hata hayo, na hata ya mawese, yakirudiwa siku nne hadi yawe meusi kama oili ya gari, hayo ndiyo mafuta ya kuogopa humu Chang'ombe kuliko yote tuliyoyataja. Kuongeza mafuta mapya juu ya meusi hakuyafanyi yote kuwa mapya. Yachujeni kila jioni, na yakianza kutoa povu na kunata, yamwageni. Tunajua ni fedha. Tunajua pia nani anazila zile chipsi: ni watoto wetu wanaotoka shule.

Jua nalo ni adui. Mwanga, joto na hewa huharibu mafuta yoyote ya kukamua, na alizeti huwahi kuliko zeituni kwa sababu ya hiyo omega 6. Ndiyo maana zeituni nzuri hukaa kwenye chupa nyeusi, wala si urembo. Ile chupa inayong'aa barabarani kama dhahabu tangu asubuhi hadi jioni, mnunuzi anaipenda kwa macho, nayo ndani inachacha. Utaijua kwa harufu ya rangi ya kupaka mlango, na kwa ladha inayoganda nyuma ya ulimi. Wekeni dumu lenu lililofunikwa, mbali na jiko, mahali pa giza. Na dumu liwe la chakula tangu mwanzo. Lililowahi kubeba dawa ya shambani halioshwi likatakata.

Kuna jambo linalotuuma zaidi. Takwimu zilizotolewa na Serikali mwaka 2021, wakati Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokuwa akihimiza kilimo cha alizeti Dodoma, Singida na Simiyu, zilionyesha nchi ikihitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na ikizalisha tani 205,000 tu. Pengo lile linajazwa na mafuta ya nje, mengi yakiwa ya mawese. Hayo yakiuzwa kwa jina lake hatuna ugomvi nayo. Ubaya ni yanapomiminwa ndani ya alizeti kidogo, yakauzwa kwa jina la alizeti ya Dodoma kwa mama aliyeambiwa apunguze mafuta yanayoganda. Huyo ameibiwa fedha na afya kwa mkupuo mmoja. Asubuhi za baridi za Julai husaidia kidogo kuwatambua: alizeti halisi ya kukamua inaweza kuonyesha wingu jepesi, ni nta ya maganda, hiyo ni kawaida. Ikiganda nzito mithili ya samli, humo kuna mgeni. Lakini mchanganyaji mjanja hajifunui kwa baridi, kwa hiyo dawa ya hakika ni kumjua aliyekamua.

Ndipo tulipofikia. Msimu wa 2024 kamati ilijaribu. Tulichukua fedha kidogo za mfuko wa jamii, tukanunua magunia kumi ya mbegu wakati wa mavuno, kwa watu tunaowajua, tukaenda kukamua kwa zamu, wanachama wawili wamesimama kwenye mashine tangu gunia la kwanza hadi la mwisho. Mashudu tuliwauzia wafuga kuku, fedha yake ikalipa gharama ya kukamua na usafiri. Mafuta tuligawana kwa hisa. Mama aliyeuliza kama alizeti ni sumu alichukua dumu lake la kwanza, akalibeba kichwani mwenyewe, akakataa bodaboda. Na mwenzetu wa ule mkopo alipata fungu lake kama wengine. Mkopo wa zeituni hakuuomba tena. Mzee yuko kwenye vidonge vyake, chumvi imepunguzwa nyumbani kwake kwa ugomvi mkubwa, na mboga zinapikwa kwa kijiko, si kwa kumimina.

Jumamosi ijayo mtapiga kura. Hoja iliyo mbele yenu ni kwamba msimu huu robo ya fedha za kikundi iingie kwenye mbegu. Kamati imegawanyika na hatutalificha hilo mbele ya wageni. Wako wanaosema fedha zikae tayari kwa ada za Januari, kwani mafuta hayalipi ada, na wana haki. Wako wanaotaka tuuze kwa watu wa nje mara moja, nao tunawaambia wangoje: tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na kabla ya kubandika jina letu kwenye chupa lazima tupite huko, tupimwe, tupate alama. Sisi tunaiunga mkono hoja kwa masharti mawili. Zamu ya kusimama kwenye mashine ibaki, hata kama mwenye mashine ni shemeji wa mtu. Na atakayekutwa ameongeza mafuta mengine kwenye dumu la kikundi, faini isiwe ile ya kuchelewa kikao. Atoke.

Ndugu Mgeni Rasmi, pale mezani kuna bakuli tatu na mkate. La kwanza ni zeituni iliyobaki kwenye chupa ya pili, ambayo wanachama waliichangia wenyewe kwa ajili ya leo. La pili ni alizeti yetu. La tatu ni alizeti iliyokaa juani mwezi mzima kwenye chupa nyeupe, tumeiweka makusudi. Hilo la tatu onja kwa ncha ya kidole tu. Akina mama, mpeni nafasi mgeni atangulie, halafu wazee, halafu mjipange kwa mstari kama siku ya kununua hisa.